Siku Niliyoita Ngobyi kwa Mzaha

Mgeni akishuka garini, usihangaike na uso wake. Uso utakudanganya, maana asubuhi ya kwanza kila mtu anatabasamu. Tazama miguu. Kiatu kipya kinachong'aa ni habari mbaya: kufikia saa sita atakuwa na malengelenge, na wewe ndiye utakayepiga magoti kwenye matope kumbandika plasta. Muulize pia, kwa adabu, kama amekata kucha za miguuni. Atakushangaa. Mwache ashangae, maana akiteremka milima ya Nyakabuye na kucha ndefu, jioni hatavaa hata kandambili.

Haya nawaambia ninyi, batoto bangu, mnaoanza kazi ya kuongoza wageni milimani. Mimi niliifanya zaidi ya miaka ishirini, mpaka goti la kushoto likasema basi. Siku hizi nakaa mbele ya nyumba yangu hapa Kamembe, nashona viatu vya watu kama alivyofanya baba yangu, na nawasikia mkipita na mabuti yenu mkisimuliana kwa sauti kubwa sokwe mliowaona. Wengine sokwe wenu wanaongezeka kila mkivuka barabara. Sisemi kitu, nashona tu.

Anayeandika ni mjukuu wangu Zuena. Yeye amesoma, na kila nikisema neno ananikata: "Babu, kwenye kitabu haliandikwi hivyo." Nimemwambia anyooshe Kiswahili changu anavyotaka, ila maneno ya watu wa kule juu asiyaguse. Akiyanyoosha yale, wenyewe wakisomewa hawatajitambua. Mimi naitwa Sudi, na nitawasimulia kosa langu kubwa. Mazuri yangu mtayasikia kwa wengine, kama wapo.

Kazi hii niliipata kwa sababu ya mdomo. Nilikuwa na Kiswahili cha nyumbani, Kinyarwanda cha mtaani, na Kifaransa cha shule, cha kutosha kumfanya Mfaransa adhani ninajua zaidi. Ofisi moja ya kupeleka wageni ikanichukua. Wakanivika kofia yenye maandishi, wakanipa wageni wanne, wakaniambia nikawaonyeshe msitu wa Cyamudongo, kule juu Nyakabuye. Msitu! Mimi mtoto wa town, ninayejua kila duka kuanzia msikitini mpaka sokoni, msituni sikuwahi kuingia hata kuokota kuni.

Basi tukazunguka. Pembeni mwa msitu tukapita chini ya mzinga wa nyuki, nikasimama nikaeleza kwa Kifaransa safi jinsi wenyeji wanavyofuga nyuki. Baada ya nusu saa tukakuta mzinga mwingine, nikaeleza tena. Tulipoufikia wa tatu, chini yake alikuwa ameketi mzee anakula muhogo wa kuchemsha.

"Papa," akaniambia, "unafanya nini na bale bantu?"

"Nabaonyesha mizinga."

Akatafuna kwanza, akameza. "Huu moja bameuona mara tatu. Inatosha. Sasa baonyeshe njia ya kurudi."

Huyo ndiye Papa Gaspari, mwenye nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Yupo mpaka leo, na kama meno yake ni machache, maneno yake ni machache zaidi. Siku ile alituongoza mpaka barabarani bila kunicheka mbele ya wageni, na mimi nikajua nimepata mwalimu. Kuanzia hapo sikupanda tena bila yeye. Nilimwita Papa, yaani baba, ingawa yeye ni Mkatoliki wa misa ya kila Jumapili na mimi ni Mwislamu wa Kamembe. Baba yangu mzazi alikuwa ameshafariki, na nafasi ile ilikuwa wazi moyoni mwangu.

Alinifundisha nini? Mengi, na karibu yote kwa kunikemea. "Sudi, we unatembea sana na mudomo. Tembea na masikio." Alinifundisha kwamba mgeni mwenye pumzi fupi hutembea wa kwanza nyuma yako, kamwe usimwache mkiani, maana mkiani kila wakati anafika wenzake wameshapumzika na wanaondoka. Alinifundisha kuingiza suruali ndani ya soksi kabla ya kukanyaga njia ya siafu. Mimi nilijiona mtanashati nikakataa, na siku hiyohiyo nikavua suruali mbele ya masista wawili kutoka Kigali. Wakageuka upande wakasali, Mungu awape heri.

Na alinikataza kuahidi sokwe. Mgeni atakuuliza: tutawaona? Mwambie tutawatafuta. Gaspari alikuwa akisema, "Sokwe haiko na patron," yaani hana bosi wa kumtuma. Mkiwakosa, mwonyeshe mbega, mwonyeshe jani, mkalishe juu ya jiwe asikilize. Nimewahi kuwa na mgeni aliyekosa sokwe siku tatu mfululizo, na alipoondoka alilia kwa sababu ya ukungu tu, namna ulivyofunguka ghafla tukauona uwanda wa Bugarama chini, mashamba ya mpunga yanametameta, na milima ya Kongo ng'ambo. Mimi nilikuwa nikiyaona yale kila wiki. Siku ile nami nikayaona.

Baada ya msitu tulikuwa tukishukia kwa Gaspari. Mkewe, Maman Anastazia, aliwakaribisha wageni kwa desturi: mwenye nyumba huonja kwanza ndipo akupe, ujue kinywaji ni salama na moyo wake ni salama. Wageni waliletewa pombe ya ndizi. Mimi nililetewa mutobe, maji ya ndizi ambayo hayajachacha, ndani ya sufuria ndogo ambayo haikuwahi kupikiwa nyama ya nguruwe wala kutiwa pombe. "Kunywa, mutoto wangu," alikuwa akisema. "Hii sufuria iko ya kwako peke yako." Nilikuwa na umri wa kuitwa baba wa watu, lakini pale nilikuwa mtoto, na nilipenda.

Sasa niwaeleze ngobyi, ninyi mliozaliwa mjini na ambulansi inapita mlangoni. Ngobyi ni kitanda cha kusukwa kwa matete na mianzi, kirefu, chenye kingo zilizoinuka kidogo, kimefungwa kwenye miti miwili mirefu. Watu wanne wanaweka ncha za miti mabegani, na mgonjwa analala katikati. Ambulansi ipo, ndiyo, lakini inaishia barabarani. Kutoka nyumba za juu mpaka barabarani ni njia ya mguu, mwinuko na mporomoko, zaidi ya saa moja, na mvua ikinyesha ni sabuni tupu. Kwa hiyo kila kilima kina chama cha ngobyi. Mwenye mgonjwa anasimama mahali pa wazi anaita mara tatu. Anayesikia anaacha alichoshika na kuja. Haulizi ni nani anayeumwa. Hata kama ni yule aliyekuibia mbuzi, utajua ukiwa tayari umembeba.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeshayaeleza kwa wageni mara mia, kwa Kifaransa kizuri.

Msimu mmoja wa mvua akaja mama mmoja, Madamu Karin, anatoka nchi ya milima ya theluji. Kazi yake huko, mpaka alipostaafu, ilikuwa kufundisha watu kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni. Alikuwa mcheshi, ana miguu ya chuma na kucha zimekatwa vizuri kabisa. Pale kwa Gaspari akachora mlima kwenye udongo kwa kijiti ili Maman Anastazia aelewe, na mimi nikatafsiri.

"Kisha bakifika chini?" akauliza Maman Anastazia.

"Kuna mashine inawapandisha tena juu."

"Kisha?"

"Wanateleza tena."

Maman Anastazia akatazama tena ule mchoro. "Na kulima, banalima siku gani?"

Karin alicheka mpaka akashika mbavu. Akauliza: ninyi mna milima yote hii, hamtelezi? Nikamwambia tunateleza sana, njoo nikuonyeshe. Gaspari alikuwa amekwenda kutazama mizinga yake kabla mvua haijarudi, kwa hiyo tukashuka sisi wawili mpaka kwenye ule mteremko wa majani, ambako watoto wakitoka shule hukalia magamba ya mgomba na kushuka wakipiga kelele. Nikamchunia gamba pana, limelowa. Mimi nilidhani atakaa. Ewe! Yule mama alisimama. Alikunja magoti kidogo, akanyoosha mikono, akashuka amesimama wima mpaka katikati ya kilima. Watu waliokuwa wakipalilia maharage upande wa pili wakaacha majembe wakapiga vigelegele.

Safari ya pili gamba likapasuka. Akaanguka, kifundo cha mguu kikapinda. Nikamkimbilia, nikavua kiatu, nikabonyeza mfupa kama Gaspari alivyonifundisha, nikamwambia achezeshe vidole. Vikacheza. Akasimama, akachechemea, akacheka. Kwa fimbo na bega langu angefika barabarani. Nilijua. Zuena, andika hapo: nilijua.

Lakini alikuwa ameniambia asubuhi kwamba kesho anaondoka, na kitu kimoja kilimsikitisha: ameona miti na wanyama, desturi za watu hakuziona sana. Nami nilitaka aondoke ananisifu. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wangu ulitumbuka palepale. Nikasimama juu ya jiwe, nikaweka mikono mdomoni, nikaita ngobyi mara tatu.

Walikuja, batoto bangu. Walikuja kama maji. Wale wa maharage walikuja na matope mpaka magotini. Alikuja bwana harusi wa wiki mbili, anafunga mkanda njiani. Alikuja mzee mmoja mwenye kikohozi ambaye yeye mwenyewe alistahili kubebwa. Gaspari alikuja mbio, shati linanuka moshi wa nyuki, zaidi ya miaka sitini kichwani, akasukuma vijana wawili akashika upande wa kichwa. Na Maman Anastazia alivua kitenge chake, kile cha kanisani, akamfunika mgeni miguu asipate baridi. Njia nzima alitembea kando yake amemshika mkono: "Pole, maman. Pole. Tutafika."

Karin alidhani ni maonyesho niliyomwandalia. Alikuwa anapunga mkono, anapiga picha. Mvua ikaanza. Wale wanne wakichoka, wengine wanne wanaingia bila kusimama, na mimi nikitembea nyuma na mkoba wa mgeni. Bado ningeweza kusema. Kila kona nilijiambia, nitasema kwenye kona inayofuata.

Tulipofika barabarani, wakaiteremsha ngobyi polepole. Karin akaruka akasimama kwa mguu mmoja, akapiga makofi, akacheza kidogo, akasema ni vizuri mno. Kisha akaniuliza mbele ya wote: wanamfanyia hivi kila mgeni? Watu wote wakanitazama wakisubiri tafsiri. Nikamjibu kwa Kifaransa: "Ndiyo, madamu, ndiyo desturi yetu." Nikawageukia wao nikasema: "Anashukuru. Kumbe hakuumia sana."

Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana. Mama mmoja alisema tu, "Niliacha maharage ku moto," akageuka akaanza kupanda. Yule mzee wa kikohozi akaketi kwenye ukingo wa barabara kutafuta pumzi. Gaspari akaokota kile kitenge, kimelowa na kina matope, akakikamua, akampa mkewe. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa:

"Sudi. Kesho bibi yangu akiita, bantu batajiuliza: ni ugonjwa, ao ni muchezo wa Sudi?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu kwa zaidi ya mwaka. Akaondoka na mkewe.

Jioni ile hotelini Karin aliniuliza kwa nini Gaspari aliondoka bila kukubali hata chai. Nikashindwa kudanganya mara ya pili, nikamweleza yote. Aliweka kikombe chini. Akaniambia kwamba kwao, theluji ikiporomoka na kufukia watu, kengele ya kanisa hupigwa, na kila aliye na koleo hutoka. "Hakuna anayeigusa ile kengele kwa mchezo," akasema. "Ungeniambia, Sudi, ningeshuka kwa makalio yangu." Kesho yake hakuweza kupanda tena Nyakabuye, ndege isingemngoja, lakini aliniachia barua ya kuwasomea wale watu, na alilia alipokuwa anaiandika. Niliwasomea. Walisema huyo mama hana kosa. Kuhusu mimi hawakusema kitu.

Nilipanda kwa Gaspari na mchele wa Bugarama na sukari. Maman Anastazia alinikaribisha, akaonja mutobe akanipa kwenye sufuria yangu kama kawaida. Gaspari alikuwa ameketi palepale anachonga mpini.

"Shikamoo, Papa," nikasema.

Akamwambia mkewe, "Mwambie tumesikia."

Mwaka mzima na zaidi, salamu yangu ilijibiwa hivyo. Wageni wangu walipokelewa, aliwaongoza msituni vizuri kuliko zamani, lakini mimi alinipita kama mti. Nilikuwa narudi Kamembe, mke wangu ananiwekea chakula, nasema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Nilikuwa nimemkosa baba mara ya pili, na safari hii nilimfukuza mwenyewe.

Siku moja nikamwendea mkubwa wa chama cha ngobyi, mtu mfupi mwenye mabega kama meza, nikamwomba aniombee msamaha kwa Gaspari. Akanitazama kutoka kofia mpaka viatu.

"We ulishabeba?" akaniuliza.

"Kubeba nini?"

"Unaona. Uliita kitu haujabeba."

Basi nikaanza kubeba. Siku zisizo na wageni nilipanda Nyakabuye alfajiri nikakaa kwa mkubwa wa chama, ngobyi ikiitwa naenda. Mnadhani walinipa mti? Walinipa termosi ya uji wa mgonjwa. Miezi mitatu nilikuwa mtu wa termosi. Halafu nikapandishwa cheo, nikapewa kubeba viatu vya mgonjwa, maana anayekwenda hospitali lazima arudi kwa miguu yake, na viatu vyake vinatangulia kuamini hivyo. Bwana harusi yule akanipa jina: Waziri wa Viatu. Nikacheka nao. Nilistahili.

Mti walinipa siku ya kwanza mahali tambarare, ambapo hata mbuzi angebeba. Nikajifunza kwa bega kile nilichokuwa nakijua kwa mdomo. Kwamba wabebaji hawaendi mguu sawa kama askari, maana mkienda sawa kitanda kinayumba na mgonjwa anatapika. Kila mmoja hukanyaga kwa wakati wake. Kwamba kichwa cha mgonjwa siku zote kiwe upande wa juu: mkipanda kinatangulia, mkishuka kinabaki nyuma. Na kwamba wale wawili wa upande wa kichwa, mkishuka, ndio wanaozuia uzito wote usikimbie; wakiteleza wao, wote mmeisha. Kwa hiyo pale huwekwa watu wa kuaminika. Mimi nilibeba miguu. Nilibeba miguu ya wajawazito, ya wazee, ya kijana aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi. Na kazi yangu ya wageni ikabadilika bila mimi kujua. Nikaanza kusikia pumzi zao. Nikaacha kuwaambia "karibu tunafika" wakati hatujakaribia, kwa sababu niliona mgonjwa anavyoumia akiambiwa hivyo mara tano.

Nilimwachia mkubwa wa chama namba yangu ya simu, nikawaambia niiteni hata nikiwa Kamembe. Wakaiandika. Hawakuipiga hata siku moja, na nilielewa: kutoka Kamembe mpaka kule ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa pikipiki, na wao ni wengi.

Asubuhi moja nilikuwa ufukweni mwa ziwa na wageni watatu wa kwenda kisiwa cha Nkombo. Mguu mmoja uko kwenye mtumbwi, simu ikalia. Alikuwa Maman Anastazia, na nyuma ya sauti yake nasikia watu ndio kwanza wanakusanyika.

"Sudi, ni muzee. Tumbo. Tangu usiku."

"Nakuja kumwona, Maman. Nakuja sasa hivi."

"Hapana," akasema. "Sikuiti ukuye kuona. Nakuita ubebe."

Sikumbuki nilivyowakabidhi wale wageni kwa mwenzangu. Nakumbuka nilimwambia mwenye pikipiki aende, na kila alipopunguza mwendo nilimpiga begani kama punda, masikini, na alikuwa ananiendesha vizuri. Nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua, na zilipokwisha nikaanza upya. Pale barabarani ambulansi ilikuwa inangoja. Nikaanza kupanda mbio, goti linapiga kelele, mpaka kwenye ile kona ya mikaratusi nikaona watu wanashuka.

Walikuwa wengi. Kilima kizima kilikuwa pale, kiliitika kama zamani, hakuna aliyejiuliza kama ni mchezo. Miti miwili, ncha nne. Mbele, upande wa miguu, vijana wawili. Nyuma, upande wa kichwa, kulia alikuwa mkubwa wa chama. Na kushoto, chini ya mti, alikuwa Maman Anastazia mwenyewe.

Kule kwetu mwanamke habebi ngobyi. Sijaona kabla wala baada ya siku ile. Alikuwa bibi wa wajukuu saba, amejikunja, kitambaa cha kichwa kimeanguka shingoni, na mti umemzamia begani. Kando yake walitembea wanaume kama ishirini, mikono mitupu, nyuso chini kwa aibu.

"Tulitaka kumupokea," mkubwa wa chama akaniambia, akihema. "Alikatala. Alisema hii nafasi iko na mwenyewe, na anakuya."

Nikaingia chini ya mti bila wao kusimama, kama walivyonifundisha. Maman Anastazia akatoka, akashika bega lake, akapita mbele kidogo. Tulikuwa tunakaribia ule mporomoko mbaya kuliko yote, mvua ya usiku imeulowanisha, na nilichokuwa nakitazama ni vidole vya Gaspari. Alikuwa amefumba macho kwa maumivu, na mikono yote miwili imeshika kingo za ngobyi, ameshika kwa nguvu mpaka mishipa imesimama, kama mtu anayengoja kumwagwa.

Alihisi wabebaji wamebadilika. Mwili wa mgonjwa huhisi. Akauliza, macho bado amefumba:

"Nani ameshika hapa ku kichwa?"

Maman Anastazia akajibu, "Ni Sudi."

Nikasubiri amwambie tena mkewe, "Mwambie tumesikia." Tulipiga hatua kumi, kumi na tano. Nikasikia matope tu chini ya miguu yetu.

"Sudi," akasema.

"Niko, Papa."

"Basi nalala kidogo."

Akaachia kingo. Mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, akaiweka yote miwili juu ya kifua. Katikati ya ule mporomoko alikuwa anakoroma, na mimi machozi yananishuka mpaka kidevuni na siwezi kuyafuta, maana mikono yangu yote miwili ilikuwa juu ya mti.